Eshapema ya Maestro

Maestro nilimjua kwanza kwa sikio. Wakati huo nilikuwa kijana, nabeba watu kwa pikipiki, na mahali petu pa kungojea wateja palikuwa kona moja ya Himbi, mtaa wa Goma, pale lami inapokoma na njia ya mawe meusi inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. Kila jioni, jua likianza kupoa, tulisikia mlio unakuja kutoka upande wa mjini. Haukuwa mkali kama milio ya pikipiki zetu. Ulikuwa mzito, wa tumboni, kama mzee anayeguna baada ya kula vizuri. Ukifika konani, mwenyewe aliachia mafuta ghafla, na bomba likakohoa mara mbili, pa, pa. Halafu mlio uliingia kwenye njia ya mawe ukapotelea huko.

"Maestro huyo," mmoja wetu alisema, bila hata kugeuza kichwa.

Bomba la moshi la pikipiki sisi watu wa Goma tunaliita eshapema. Nimezunguka sana tangu siku zile. Nimelala Butembo, Bunia, Kisangani, Kampala, na mahali pengine ambapo jina limenitoka. Kila mji una milio yake. Lakini mpaka leo, nikiwa kwenye chumba cha kupanga ugenini na pikipiki ikakohoa huko nje, mwili wangu hujiweka tayari kumwona mtu mrefu mwembamba, shati jeupe, tai imechomekwa ndani ya jaketi ili isipeperuke, na kaske, kofia ngumu ya pikipiki, iliyokaa kichwani kama sufuria ya kuazima.

Maestro alikuwa mtu wa upande wa Bukavu aliyekuja Goma kufanya kazi ya ukarani, akabaki. Siku za kazi alishinda na mihuri katika ofisi ya mizigo. Jumamosi alasiri na Jumapili aliongoza kwaya ya parokia, na huko ndiko jina lilikotoka. Padri alimwita Maestro. Wauza makaa walimwita Maestro. Mkewe alimwita "papa" nyumba ikiwa shwari, na "Maestro" akikasirika. Ukisikia Maestro mbili zimefuatana, ulitafuta kofia yako ukaaga.

Kule kukohoa mara mbili pale konani hakukuwa mbwembwe, ingawa ilinichukua muda kuelewa. Mkewe aliwahi kuanguka kwenye mawe ya volkano, haya ambayo mji wetu wote umekaa juu yake, na nyonga yake haikupona sawasawa. Alitembea kwa fimbo, polepole. Watoto wao walikuwa wameshatawanyika, huyu Bukavu, huyu Kigali, wengine mbali zaidi, kwa hiyo alishinda peke yake ndani ya parseli yao, kiwanja kidogo kilichojificha nyuma ya nyumba kubwa za mashirika. Lango lao lilikuwa la bati, limezuiwa kwa ndani na chuma kizito kilicholala juu ya kulabu. Anayegonga hakufunguliwa.

"Mu Goma, benye kugonga ni ba aina mbili," aliniambia. "Mwenye anaomba na mwenye anaiba. Bwana yangu hagongake."

Hakugonga kwa sababu hakuhitaji. Kutoka kwenye kiti chake cha jikoni hadi langoni, kwa fimbo, mama yule alitumia muda uleule ambao pikipiki ilitumia kutoka konani hadi langoni, ikitafuta njia kati ya mawe. Pa, pa ya konani ndiyo iliyomnyanyua kitini. Pikipiki ilipofika, chuma kilikuwa kinatoka kwenye kulabu, na Maestro aliingia bila kuzima injini wala kuweka mguu chini. Walikuwa na sababu. Jirani yao mmoja, karani kama yeye, alivamiwa jioni akiwa amesimama mbele ya lango lake anangoja kufunguliwa, na hakupata kuingia tena ndani ya nyumba ile. Tangu hapo, Maestro alikuwa na hofu moja tu ambayo niliijua, nayo ni kusimama nje ya lango lake mwenyewe.

"Na telefone?" nilimuuliza siku moja. "Si unabipa tu mama?"

"Rezo ya telefone ikienda safari, Besi, nitasimama inje kufanya nini? Kuonyesha wezi taa?"

Besi ni mimi. Jina hilo alinipa yeye. Siku moja pikipiki yake ilikuwa kwa fundi, nikampeleka mazoezini. Tulipofika alishuka, akanitazama, akasema, "Anza Baba Yetu." Nikafikiri ananipima dini, nikaanza. Hakunifikisha kwenye mkate wa kila siku. "Inatosha. Uko besi. Jumamosi unakuja." Nilikwenda, na kabla msimu wa mvua haujaisha alikuwa ameshakata tamaa nami. "Moto yako inashika nota kuliko weye," alisema mbele ya watu wote, akimaanisha pikipiki yangu, na masoprano wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini hakunifukuza. Alinisimamisha nyuma, karibu na mtu mwenye sauti nene, akaniomba niwe nafungua mdomo tu, bila sauti.

Sikio lake lilijulikana mji mzima. Motari, mbeba watu kama mimi, akitaka kubadilisha eshapema, alimngoja Maestro nje ya kanisa baada ya misa, wakaenda pamoja Birere, mtaa wa maduka ulioegemea mpaka. Huko eshapema zimening'inizwa kwa waya mbele ya vibanda kama samaki wa kukausha: za kung'aa, za rangi ya dhahabu, fupi kama chupa, ndefu zilizopinda mkia. Motari alikuwa anazitazama kwa macho ya mtu aliyeingia harusini bila mwaliko. Maestro hakuzitazama. Alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akageuzia duka mgongo.

"Papa, kuya uangalie!" mwenye duka alipiga kelele. "Hii inang'aa kama kioo!"

"Naangalia."

"Unaangalia namna gani na umetupa mugongo?"

"Sikio haina uso. Fungia huyu mutoto hiyo eshapema, tusikie."

Mwenye duka alifunga, injini ikawashwa, na Maestro, bado amegeuka, aliinua kidole kimoja kama anavyofanya mbele ya kwaya. Kidole kikipanda, kijana aliongeza mafuta. Kikisimama, naye alishika hapohapo. Kikishuka, aliachia kidogo kidogo. Kushuka ndiko alikokutaka zaidi. "Kupanda, kila mutu anajua," alikuwa anasema. "Mwimbaji tunamujuaka wakati anashuka." Na kweli, kuna eshapema nyingi zilizopanda vizuri, halafu wakati wa kushuka zikatapatapa na kufyatuka kama mahindi kwenye kikaango. Hizo alizitupa kwa kutikisa bega tu.

Vijana wengi hawakutaka sauti nzuri. Walitaka sauti kubwa.

"Mie nataka ile yenye inalia kama simba," mmoja alimwambia.

"Umeshasikia simba?"

"Mu telefone."

"Basi uza moto, baki na telefone."

Alikuwa na neno alilolirudia kanisani na dukani bila kubadilisha kitu: sauti yenye haina kazi ni makelele. Ukimuuliza kazi ya sauti fulani ni nini, alikuwa na jibu. Honi ina kazi. Kengele ina kazi. Eshapema ya motari ina kazi ya kumwambia mama aliyejitwika ndoo kwamba kuna kitu nyuma yake, asogee bila kuruka. "Sasa kama mama anaruka na maji inamwagika, hiyo si kazi tena. Hiyo ni matusi."

Hakuwa mtu wa kutokosea, na ninalipenda kosa lake moja kuliko ushindi wake wote. Alimchagulia motari mmoja eshapema iliyomfurahisha mno. Wiki nzima aliisifu kwetu, jinsi inavyoshuka, jinsi inavyonyamaza bila kukatika. Jumamosi ikafika, na dada mmoja wa alto aliingia mazoezini anachechemea, mguu wa kulia umefungwa kitambaa nyuma, chini ya goti.

"Umefanya nini?" Maestro aliuliza.

"Ni ile eshapema yako nzuri, papa. Nimeshuka, imenibusu."

Watu walicheka. Maestro hakucheka. Alipiga magoti pale mbele ya madhabahu, mzima na tai yake, akafungua kile kitambaa akatazama lile lengelenge. Siku hiyo hatukuimba sana.

Kuanzia hapo alibadilisha utaratibu. Kijana akimleta Birere, kabla ya sauti, kabla ya kidole, Maestro alimwamuru akae kiti cha nyuma cha pikipiki yake mwenyewe, kama mteja, apande na ashuke, huku eshapema ikiwa ya moto. Vijana walilalamika. Goma ina shida yake: eshapema ikikaa chini, mawe yanaigonga mpaka inapasuka, ikikaa juu, inachoma mteja. Ukitembea sokoni utaona alama hiyo kwenye miguu ya kulia ya mama zetu, duara la ngozi nyeusi inayong'aa.

"Papa, mawe inasema panda," kijana mmoja alimwambia, "na muguu ya mama inasema shuka. Nitasikiliza nani?"

"Nani anakulisha? Mawe?"

"Mama."

"Basi tafuta njia yenye haina mawe."

Njia isiyo na mawe Goma! Tulicheka njia nzima ya kurudi. Lakini yule kijana alichukua ya chini, akaifungia kibati cha kuikinga, na Maestro akaridhika.

Sasa mtu huyuhuyu, aliyegombana na vijana wa mji mzima kuhusu makelele, pikipiki yake ilifyatuka konani kama bunduki. Wengi tuliliona hilo, wachache tulithubutu kulisema. Mazoezini hakuvumilia hata kikohozi. Mwimbaji mmoja wa sauti ya teno alitolewa nje kwa kufungua karatasi ya peremende wakati wa kusoma nota. Viatu vinavyolia viliachwa mlangoni, kwa hiyo kwaya yetu ilikuwa inafanya mazoezi nusu yake pekupeku. Halafu mazoezi yakiisha, yeye mwenyewe alitoka, akawasha, na njiwa wote wa mnara wakaruka. Padri alimwomba mara kadhaa asiwashe kabla baraka haijamalizika. Alikubali mara kadhaa.

Ile pa, pa ilitoka kwenye upenyo mdogo, pale bomba linapoungana na injini. Hewa ikipita hapo wakati wa kuachia mafuta, moshi unawaka ndani na kufyatuka. Ni ugonjwa, kila fundi anaujua. Fundi wake alimbembeleza miaka mingi auzibe.

"Usiguse," Maestro alimwambia. "Hiyo njo ufunguo ya nyumba yangu."

Kila niliporudi Goma kutoka kwenye mizunguko yangu, nilikuwa nasimama kwanza kwenye ile kona jioni kabla ya kwenda kumwona mtu yeyote. Nikisikia pa, pa, nilijua mji bado ni mji wangu. Yeye hakuelewa kuzunguka kwangu. "Unakimbia nini, Besi?" aliniuliza. Nilimwambia sikimbii, naangalia tu. "Sasa ukishaangalia yote, utakaa wapi?" Halafu akaniongezea ugali.

Halafu kukaja mama mmoja kutoka Kanyaruchinya.

Alikuwa mjane, mtu wa Rutshuru. Alikuwa ameishi kwenye mahema ya wakimbizi kule Kanyaruchinya, na watu wa mahema walipotawanyika hakuwa na pa kwenda. Mke wa Maestro alimkuta amekaa nje ya kanisa na mzigo wake, akamleta nyumbani, akampa kile chumba cha uani. Mchana aliuza mboga, alasiri alirudi kufua na kupika. Alipofua aliimba, kwa Kinyarwanda, sauti ya chini, na Maestro alipomsikia mara ya kwanza alisimama mlangoni na kijiko mkononi mpaka chai yake ikapoa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameitafuta sauti ile kwa kwaya yake tangu alipofika Goma, na sasa ilikuwa inafua mashati yake.

Lakini sauti ile ilikatika kila jioni. Pa, pa ikilia konani, mama yule alikuwa chini, uso kwenye mawe, mikono juu ya kichwa. Siku ya kwanza sahani zilipasuka. Siku nyingine maharagwe yalimwagika uani kote. Maestro aliingia na pikipiki yake akamkuta amelala nyuma ya madumu ya maji, anatetemeka na kuomba msamaha. "Mbabarira, papa. Nisamehe. Najua ni weye. Kichwa inajua. Mwili inakataa." Na hakuweza kusaidia langoni badala ya mama mwenye fimbo, maana jua likianza kushuka hakulikaribia lango kwa lolote.

Jambo hilo lilimkata Maestro. Siku mbili tatu alijaribu kuzima injini kabla ya kona na kuisukuma pikipiki kwa mkono. Mkewe hakusikia kitu, akakawia kitini, na Maestro akasimama nje ya lango. Mtu mmoja alitokea mbele yake njiani, akapunguza mwendo, akamtazama, akapita. Labda alikuwa mpita njia tu. Maestro alipofunguliwa hakuweza kula jioni ile. Kesho yake alirudia pa, pa yake, na mama wa Kanyaruchinya akaanguka tena. Mwisho mama yule akafunga mzigo wake. Alisema atarudi kwao Rutshuru, ambako nyumba haikuwepo tena, kuliko kuwa mtu wa kuharibu raha ya waliomtunza. Mke wa Maestro alimwomba angoje hadi Jumapili.

Hayo yote niliyakuta. Nilikuwa nimeingia Goma Jumamosi asubuhi, nikiwa njiani kwenda Kituku kupanda mtumbwi wa mashine wa Bukavu, nikapita kusalimu. Lango lilikuwa wazi mchana ule, kitu ambacho sijawahi kukiona. Pikipiki ilisimama uani haina eshapema, kama kuku aliyenyonyolewa mkia, na juu ya gunia zilipangwa eshapema za kila namna ambazo Maestro alikuwa ameazima kwa mwenye duka wa Birere. Alikuwa amezeeka. Mgongo ulikuwa umeanza kumwinamisha, na shati jeupe lilikuwa kubwa shingoni.

"Besi! Mungu anakuleta. Nimewachagulia batu ba Goma nzima, na yangu inanishinda. Vaa kaske. Utashuka toka kona, na mie nitasikia."

"Mtumbwi wangu, papa..."

"Ziwa haiendi Bukavu. Vaa."

Upenyo ulikuwa umeshazibwa. Mkewe aliketi kwenye kiti chake jikoni, fimbo magotini. Mama wa Kanyaruchinya aliinama kwenye karai lake la nguo, macho kwenye povu. Maestro alisimama katikati ya uwanja, amefumba macho, kidole juu.

Nilipanda hadi konani nikateremka na ya kwanza, ile ya dhahabu. Nilipoingia langoni mama wa Kanyaruchinya alikuwa amelala chini. Tukaifungua. Ya pili ilikuwa pole, sauti ya ndani kabisa. Mke wa Maestro alikuwa bado kitini nilipomfikia.

"Unatoka wapi weye?" aliniuliza kwa mshangao wa kweli.

Ya tatu ilimfanya Maestro afumbue macho yake yote mawili. "Hii!" alisema. "Hii iko na mwili. Musikie inavyoshuka. Mama, umesikia?"

"Nimesikia moto."

"Lakini si moto yangu?"

"Ni moto ya mutu. Kila mutu anapita hapa iko na moto. Nitafungulia Himbi yote?"

"Lakini inaimba vizuri!"

"Maestro," mkewe alisema. "Unachagulia nani? Kwaya?"

Ilikuwa Maestro moja tu, lakini nilianza kutafuta kofia yangu.

Tulijaribu zote. Fundi aliyekuja kusaidia alikuwa ameunguza vidole, nami mgongo uliniuma kwa yale mawe. Iliyosikika jikoni ilimwangusha mama wa Kanyaruchinya. Ambayo haikumwangusha haikusikika jikoni, au ilisikika kama pikipiki ya mtu yeyote. Mwisho zilikwisha. Ili pikipiki isibaki uchi, fundi aliingia stoo akatoka na eshapema iliyokuja na pikipiki toka dukani, ile ambayo Maestro aliitoa zamani kabla hata sijamjua. Ilikuwa na kutu, imebonyea, na kibati cha kukinga mguu kilishikiliwa na skrubu moja tu.

"Hiyo ni takataka," Maestro alisema. "Funga tu, nitaenda nayo Birere kesho."

"Nishuke nayo?" niliuliza.

"Ya nini?"

Nilishuka nayo hata hivyo, nimezoea. Kwenye lami haikusema kitu. Lakini gurudumu lilipogusa mawe, kile kibati kilianza kucheza juu ya bomba: cheke, cheke, cheke, kwa kila jiwe, mpaka langoni. Maestro alikuwa ameziba masikio. Mkewe alikuwa amesimama. Alikuwa amefika katikati ya uwanja na fimbo yake.

"Hii," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Hii nimesikia toka juu. Hakuna mutu mu Goma iko na kitu ya vile."

"Kwa kweli hakuna! Ni aibu! Ni sanduku ya misumari!"

Hapo ndipo tulipomtazama mama wa Kanyaruchinya. Alikuwa ameketi vilevile, mikono ndani ya maji, shati la Maestro limeelea. Nadhani yeye mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi.

"Na weye?" Maestro alimuuliza kwa upole. "Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

"Inafanana nini?"

"Inafanana mutu anapepeta maharagi." Halafu akaongeza, akitazama maji, "Sijaonaka mutu anakimbizwa na mwenye kupepeta maharagi."

Maestro aliinama mbele ya ile eshapema, akakigusa kile kibati kwa kidole, kikalia, akakunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Fundi alitoa bisibisi na kusema, "Nikaze kidogo basi, papa, ipunguze?"

"Wacha," Maestro alisema. Na mara moja tena, kwa sauti ndogo, "Wacha."

Sikupanda mtumbwi siku hiyo. Alasiri Maestro alikwenda mazoezini na pikipiki yake, akipita polepole kwenye lami, karibu kwa siri. Nilibaki uani na wale mama wawili. Tulimenya viazi. Jua lilianza kushuka upande wa ziwa, na mama wa Kanyaruchinya akasogea nyuma, karibu na chumba chake, akaanza kusuuza nguo za mwisho. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, anaacha, anaanza tena. Mke wa Maestro nilimwona ameshika fimbo muda mrefu kabla ya kuhitaji.

Tukasikia vicheko vya vijana juu kule konani, na mluzi. Halafu, chini yake, cheke, cheke, cheke.

Mke wa Maestro alinyanyuka. Alitembea mwendo wake uleule, hatua na fimbo, hatua na fimbo, wala hakuharakisha. Nyuma yangu wimbo haukukatika. Ulishuka tu kidogo, ukaendelea. Chuma kilitoka kwenye kulabu, lango likafunguka kadiri ya usukani, na Maestro akaingia bila kuweka mguu chini, uso umemwiva kwa hasira.

"Bananicheka ku kona nzima," alisema. "Hata mutoto wa kuuza mayai!"

Mkewe alikuwa ameshageuka, anarudisha chuma mahali pake kwa mikono miwili.

"Lakini uko ndani," alisema.